Uliza Fundi wa Macho: Mtoto aliyezaliwa bila jicho, "msubiri akue" si jibu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache watoto wanaozaliwa jicho moja halipo, na barua zimemiminika. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua chache zinazobeba na nyingine. Kwa wageni wa safu hii: mimi si daktari. Ni fundi wa macho ya bandia. Nachukua kipimo cha tundu, nachonga nta, napika akriliki, napaka rangi. Upasuaji ni kazi ya madaktari bingwa wa macho, nami nitawataja kila inapobidi.

*

Shikamoo Mama. Nina binti mchanga, ametimiza wiki sita. Alipozaliwa kope za kushoto zilikuwa zimefumba, ukizifungua unaona nyama nyekundu tu, jicho hakuna. Zahanati waliniambia nisubiri akue, akifika miaka mitano ndipo atawekewa jicho. Mama mkwe anasema nilimcheka kipofu nikiwa mjamzito, na mume wangu naona ameanza kuamini. Kuna mzee anatoa maji ya majani ya kudondoshea. Nifanyeje? — Mama Mchanga, Handeni

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua. Nasema hongera maana nahisi wiki zote hizi umepewa pole tu.

Tuanze na hilo la kucheka kipofu tulimalize. Jicho la mtoto huanza kuchipuka kutoka kwenye ubongo wake kama siku 22 baada ya mimba kutunga, na ikifika wiki ya saba umbo lake la msingi limeshakamilika. Hesabu mwenyewe: siku hizo ulikuwa bado unajiuliza kama hedhi imechelewa au ni uchovu wa kawaida. Kilichokwama kilikwama wakati huo, ndani, kimyakimya, na hakuna aliyekuwa anajua hata kama kuna mtoto. Ukijumlisha wanaokosa jicho kabisa na wale wenye kijicho kidogo sana, hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 10,000, Handeni kama Hamburg, kwa mama waliocheka na ambao hawakucheka. Mpe mume wako aisome aya hii. Na siku ya kliniki aje naye, asikuachie mzigo wa kusimulia nyumbani.

Maji ya majani usidondoshe. Wala maziwa yako, wala maji ya sukari, wala ugoro, wala chochote ambacho jirani atakuapia kwamba kilimsaidia mtoto wa dada yake. Ndani ya tundu lile kuna utando laini uleule unaofunika weupe wa jicho. Ukiunguzwa unapata kovu, kovu linavuta, tundu linasinyaa, nami nabaki sina pa kuwekea kitu.

Sasa hiyo miaka mitano. Hapa mtaniwia radhi nikipandisha sauti kidogo. Mfupa unaolizunguka jicho haupanuki wenyewe. Unapanuka kwa sababu jicho lililomo ndani linakua na kuusukuma. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa kama milimita 17, mtu mzima ana kama 24, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hupatikana miaka miwili mitatu ya mwanzo. Uso wenyewe ndivyo ulivyo: miezi mitatu umeshafika karibu asilimia 40 ya ukubwa wa utu uzima, miaka miwili karibu 70, miaka mitano na nusu karibu 90. Kwa hiyo aliyekwambia usubiri hadi mitano amekwambia usubiri mpaka kazi iwe imekwisha bila wewe. Upande wa kulia utakuwa umekua, wa kushoto umebaki nyuma: kope fupi, nyusi imeshuka, shavu limebonyea. Kufikia hapo hata ningechora jicho zuri namna gani, kope haziwezi kulipokea.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa masikio. Binti akitogwa, tundu huwekewa kijiti lisizibe, kisha kinene kidogo, kisha kinene zaidi, mpaka ndewe ikaweza kubeba jasi. Tiba ya tundu la jicho ni hiyohiyo.

Ukifika kwetu mtoto hatapewa jicho lenye rangi siku hiyo. Atapewa konfoma, yaani kipande kidogo cha akriliki angavu, laini pande zote, kilichochongwa kufuata umbo la tundu lake. Nyingine zina kijishina kwa mbele cha kushikia. Namwangalia mtoto kwa dakika kadhaa baada ya kuiweka: utando ukigeuka mweupe pale inapogusa, maana yake inabana mno, damu haipiti, naitoa, naikwangua, naipiga msasa, naiweka tena. Ikikaa vizuri kope zinafumba juu yake au zinakaribia kufumba. Mwanzoni utarudi kila baada ya wiki moja mbili tuweke kubwa kidogo, halafu wiki zinageuka miezi. Tundu likishapata nafasi ya kutosha ndipo tunaanza kutengeneza la rangi, na hilo nalo litabadilishwa mara nyingi kadiri anavyokua.

Atalia? Atalia. Lakini nikuambie kinachomliza zaidi: kushikwa kichwa. Tunamviringisha khanga mikono ikiwa ndani, kitu kinaingia, mara moja unampa ziwa. Mama wengi hutoka jasho kuliko mtoto.

Kabla ya kuletwa kwangu, daktari wa macho lazima amwone, na la kwanza atakalopima ni jicho la kulia, lile zima. Hilo ndilo hazina. Mara nyingine nalo lina kasoro ndogo ambayo hakuna aliyeitazama kwa sababu wote walikodolea macho upande usio na kitu. Kisha atapiga ultrasaundi upande wa kushoto, maana mara nyingi tunaposema jicho halipo, ndani kabisa kuna kijicho kidogo kama masalia. Kama kijicho hicho kinaonekana kuitikia mwanga, hata kidogo, mambo yanabadilika: hatukifuniki kwa kitu cha rangi, tunatumia kilicho angavu mwanga upite, na mtoto anafuatiliwa kuona kama kuna uwezo wa kuona unaofaa kutunzwa. Wengine huwa na uvimbe wa maji nyuma ya kijicho. Usishangae daktari akisema uachwe kwanza, kwa kuwa unafanya kazi yetu bure, unasukuma mfupa.

Halafu mtoto mzima apimwe, si uso tu. Jicho linapokwama, mara nyingine viungo vingine vilivyokuwa vikiumbwa siku zilezile huwa vimeguswa: figo, moyo, masikio, kaakaa, na ile tezi ndogo chini ya ubongo inayotawala kukua. Wa kiume huangaliwa kama korodani zimeshuka. Kama mtoto anapaliwa kila akinyonya na kutoa povu, hilo si la kusubiri kliniki ya macho, ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Omba rufaa ya maandishi. Kutoka Handeni una njia mbili, hospitali ya KCMC Moshi au Dar es Salaam, ambako kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT. Piga simu kwanza uulize kama fundi wa macho ya bandia yupo wiki hiyo, kwa kuwa tu wachache na si kila hospitali ina wake. Gharama zikikushinda usigeukie getini: kila hospitali kubwa ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda na barua ya mtendaji wa kijiji, eleza hali yako.

Na umri wake wa wiki sita usikukatishe tamaa. Uko ndani ya wakati. Wiki ijayo ni bora kuliko mwezi ujao.

*

Assalaam aleikum. Mwanangu wa miezi minane hana jicho la kulia. Nimesikia Amerika washapandikiza jicho zima. Niko radhi kutoa langu moja apewe yeye. Gharama nitauza kiwanja. — Baba wa Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kiwanja usiuze.

Ni kweli, Mei 2023 madaktari wa hospitali ya NYU Langone, New York, walimpandikizia mtu mzima jicho zima pamoja na sehemu ya uso. Jicho lilikaa hai, damu ikawa inapita. Kuona, halikuona. Mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo una nyuzi zaidi ya milioni moja, na mpaka leo hakuna anayejua kuziunganisha zikafanya kazi. Kinachopandikizwa kila siku duniani ni konea, kile kioo cha mbele tu, na hicho kinahitaji jicho la kukibandikia. Kwa mtoto aliyezaliwa bila jicho, mara nyingi hata huo mshipa ni mwembamba sana au haupo.

Kwa hiyo kaa na macho yako mawili. Lakini miezi minane ni umri ambao konfoma ingekuwa imebadilishwa mara kadhaa, na barua yako haitaji konfoma popote. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, na ya Kenyatta, Nairobi, zina madaktari bingwa wa macho. Mpeleke mwezi huu. Wakiona konfoma pekee haitoshi, kuna njia ya upasuaji: kuna kidonge cha haidrojeli kinachoingizwa kikiwa kidogo na kikavu, kisha hunyonya maji ya mwili na kuvimba polepole ndani ya tundu. Kilianza kutumika kwa watoto wa aina hii Rostock, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Si kila hospitali inakipata. Njia nyingine ni kuchukua kipande cha ngozi ya ndani pamoja na mafuta yake, kwa kawaida makalioni, na kukishona ndani ya tundu. Uzuri wake ni kwamba mafuta hayo hukua pamoja na mtoto. Hilo mwulize daktari wa upasuaji, si mimi.

*

Mwanangu, mimi ni bibi yake. Mjukuu ana miaka minne, jicho lake la bandia aliwekewa na wafadhili waliopita mkoani. Linatoa tongotongo za njano kila asubuhi, na mama yake anaogopa kulitoa, halijatoka tangu walipoliweka. Halafu ni jeupe mno, watoto wenzie wanasema ni la mwanasesere. — Bibi wa Kilosa

Shikamoo Bibi. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana umeangalia vitu viwili ambavyo wengi hawavioni: uchafu na weupe.

Jicho la bandia si mpira wa mviringo kama watu wanavyodhani. Ni kama ganda, nyuma limebonyea, mbele limebenuka. Kulitoa hakuumi. Nawa mikono kwa sabuni, ukucha uwe mfupi. Keti kitandani au juu ya mkeka, umpakate mjukuu, ili likidondoka liangukie kitu laini; sakafu ya saruji imeshanipa kazi nyingi za bure. Mwambie atazame juu, darini. Kwa kidole cha shahada vuta kope ya chini kwenda chini na kidogo kuelekea sikioni, kisha bonyeza taratibu: ukingo wa chini wa jicho utachungulia na lenyewe litateleza nje kwenye kiganja chako. Kama mlipewa kile kinyonyeo kidogo cha mpira, kiloweshe, kibandike katikati, vuta. Kurudisha ni kinyume chake. Inua kope ya juu, ingiza ukingo wa juu chini yake, shikilia hapo, halafu vuta kope ya chini mpaka ukingo wa chini uingie. Angalia alama: jicho lina upande wa pua na upande wa sikio, ukiligeuza atatazama ukutani.

Osha kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, sugua kwa vidole, suuza sana. Spiriti marufuku. Maji ya moto marufuku. Dawa ya meno marufuku, ina mchanga. Spiriti hupasua akriliki nyufa ambazo huwezi kuziona, na vijidudu hupanga humo. Usilikaushe kwa kitambaa cha jikoni.

Ila usilitoe kila siku. Watu wengi wakishajua kulitoa wanageuza mchezo, na kulichokoa mara kwa mara nako kunaleta uchafu. Likikaa vizuri, mara moja kwa wiki chache inatosha kabisa.

Tongotongo kidogo asubuhi ni kawaida. Za njano kila siku si kawaida. Sababu ni mojawapo ya tatu: uso wa jicho umekwaruzika, au limekuwa dogo kwa tundu lake na nyuma kumebaki nafasi ambamo machozi yanatuama, au ndani kuna kidonda. Zote tatu zinahitaji mtu alitoe na kuangalia. Mtoto wa umri wake anatakiwa kuonwa na fundi kila miezi sita. Tunalipiga msasa na kuling'arisha upya, na kama amekua tunaongezea akriliki au tunatengeneza jingine. Hao wafadhili walifanya jambo jema, lakini jicho la mtoto ni kitu cha kufuatiliwa miaka. Ukigawa kisha ukapanda gari ukaondoka, umefanya nusu.

Kuhusu weupe, Bibi, umenena. Lile ni jicho la boksi, lilikuja limeshatengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Tazama jicho zima la mjukuu wako asubuhi mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Weupe wake si wa karatasi. Una umanjano kidogo, na kuzunguka duara la rangi kuna kivuli cha hudhurungi, kwa wengine na madoadoa. Watu weusi wengi tuko hivyo na si ugonjwa. Mimi nikipaka rangi nawakalisha dirishani, si chini ya taa, maana taa hudanganya kahawia. Napaka tabaka kwa tabaka: kahawia nzito ukingoni, asali kidogo karibu na mboni, halafu kile kivuli. Mishipa natandaza nyuzi nyekundu za hariri, nyembamba kiasi kwamba nikipiga chafya zinapotea. Mwisho tunafunika kwa akriliki angavu na kupika tena. Hilo ndilo jicho ambalo mwenzake wa darasani akilitazama hatasema mwanasesere. Omba mtengenezewe la kupimwa. Morogoro mtaelekezwa pa kwenda.

*

Mwanetu wa kiume ana mwaka mmoja na nusu na hana macho yote mawili. Usiku hucheka na kucheza hadi saa kumi alfajiri, mchana analala. Hatambai. Mke wangu amechoka. Tumwekee macho ya bandia ilhali haoni? — Baba, Kitale

Pole baba, na mwambie mkeo pole yake ni kubwa zaidi.

Kwanza usingizi, kwa kuwa nyumba isiyolala haiwezi kufanya mengine. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia kupitia macho. Mtoto wenu hapati mwanga huo kabisa, kwa hiyo saa yake inatembea kivyake na kila siku inasogea. Si ukaidi wala si malezi mabaya. Zipo dawa za melatonini ambazo daktari wa watoto anaweza kumpangia kwa kipimo na kwa saa maalumu. Msinunue dukani kwa kubahatisha. Na wakati mkisubiri, mpeni alama nyingine za siku: uji saa ileile, aogeshwe jioni saa ileile, mchana atolewe nje kwenye kelele za kuku na watu, usiku nyumba inyamaze hata kama yeye hajalala. Daktari huyohuyo ampime tezi ile niliyoitaja kwenye barua ya Handeni, maana kwa wanaokosa macho yote mawili uwezekano wa kuguswa ni mkubwa, na ikilegea mtoto hakui.

Kutotambaa: mtoto anayeona hutambaa kwa sababu ameona kijiko pale mbele na anakitaka. Wenu hajui kama kuna pale mbele. Tundikeni vitu vinavyotoa sauti: njuga, kopo lenye kokoto, simu ya zamani. Lizeni kitu kwa umbali wa mkono wake, kisha mbali kidogo. Kabla ya kumwinua mtajeni jina na mseme mnamwinua. Fikirini mtu anakunyanyua ghafla gizani. Msimwache amelala chali mchana kutwa kwa kumwonea huruma.

Macho ya bandia, ndiyo, mwekeeni, na msilionee aibu jambo hilo. Si ya kuonea, ni ya uso kukua sawa na kope kusimama. Mmechelewa kidogo, bado inafaa.

Shule ipo. Ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946 na imetoa watu wengi wenye kazi zao. Tanzania tuna Buigiri, Dodoma, tangu 1950, na Irente kule Lushoto. Miaka yake haijafika, lakini mkeo akijua kwamba nukta nundu na fimbo nyeupe zinamsubiri huyu mtoto, labda atalala hata mchana.

*

Nalima viazi Njombe, nilikuwa napulizia dawa ya ukungu na mimba changa bila kujua. Mtoto kazaliwa na kijicho kidogo upande mmoja. Je, ni dawa? Na nikibeba mimba nyingine? — Mkulima

Swali lako la kwanza limefika hadi mahakamani. Kuna kiuatilifu cha ukungu kinachoitwa benomili. Mwaka 1996 baraza la mahakama huko Miami liliipa ushindi familia ya mtoto aliyezaliwa bila macho ambayo mama yake alimwagikiwa dawa hiyo akiwa mjamzito, rufaa ikageuza, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Florida ikaurudisha ushindi ule. Wanasayansi walipotafuta katika nchi za Ulaya kama watoto wa aina hii wamejikusanya palipopuliziwa zaidi, hawakupata uhusiano ulio wazi. Kwa mtoto mmoja mahususi, wako, hakuna kipimo cha kusema ni ile dawa. Kwa mimba ijayo jibu ni jepesi: usipulizie, usichanganye dawa, usifue nguo za aliyepulizia. Huhitaji hakimu kukuamulia hilo.

Chakula pia kina neno. Mwaka 1933 mtafiti Fred Hale wa Texas alimnyima nguruwe jike vitamini A kabla na mwanzoni mwa mimba, akazaa vitoto 11, vyote bila macho, wakati wazazi wenyewe walikuwa wazima. Usikimbilie vidonge, vitamini A nyingi kupita kiasi nayo huharibu mimba. Mchicha, viazi vitamu vya njano, maembe na karoti vinatosha. Pombe iache. Rubela mimba ikiwa changa ni adui mkubwa wa macho ya mtoto. Chanjo yake huchomwa kabla ya mimba, si wakati wa mimba, kwa hiyo uliza kliniki mapema.

Kinachobaki ni vinasaba. Kinachojulikana zaidi kinaitwa SOX2, kiligunduliwa kuhusika mwaka 2003, na mara nyingi hitilafu yake huanzia kwa mtoto mwenyewe. Baba na mama hawanayo. Hapo uwezekano wa kurudia huwa mdogo, lakini si sifuri. Zipo familia chache ambamo hurithiwa. Daktari atakupima macho wewe na mumeo kwanza, kwa kuwa wapo wazazi wenye kasoro ndogo isiyowahi kuwasumbua. Mimba ijayo waombe wakupige ultrasaundi ya kina miezi minne hadi mitano na uwaambie wazi waangalie macho, vinginevyo watatazama moyo na uti wa mgongo wakuage.

*

Mwalimu wa chekechea, Unguja: nina mtoto mwenye jicho la bandia la kushoto. Nimketishe wapi, na wenzake niwaambieje?

Mketishe mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili jicho lake la kulia litazame ubao na wenzake wote. Ukimweka upande wa kulia atakuwa kama aliyewapa mgongo wenzake wote, na utamwita mtundu kumbe hakuoni. Usimkaribie ghafla kutokea kushoto. Kumimina maji kwenye kikombe kutampa tabu kidogo mwanzoni, kama kudaka mpira. Mwache ajifunze, watoto wa hivi hujua haraka kuliko mtu mzima aliyepoteza jicho ukubwani.

Miwani avae, hata kama jicho zima linaona vizuri. Iwe ya polikabonati, ile ngumu isiyovunjika vipande, na avae kuanzia anapoamka. Hana jicho la akiba. Katika michezo ya fimbo, manati na mawe uwe mkali kwa darasa zima, usimtenge yeye.

Wenzake waambie ukweli mfupi: alizaliwa hivyo, jicho hili limetengenezwa, haliambukizi, haliumi. Atakayemwita chongo aitwe pembeni, si mbele ya wote. Na likidondoka uwanjani, kwa maana siku moja litadondoka, weka kikombe safi chenye kifuniko kabatini mwako. Liokote, litie humo na maji safi, mpigie mama yake. Mtoto anaweza kuendelea na masomo akiwa nalo au hanalo, mpaka mama afike.